Msaada: natafuta jalada la mirathi ya baba ya 2009 mahakama ya mwanzo, namba ya shauri sina

Binti wa Ticha

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Mtwara mjini ila kwetu ni upande wa Lindi, wilaya sitaitaja maana ndugu wengine wamo humu humu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mwishoni mwa 2008, mwaka uliofuata kikao cha ukoo kikamchagua baba mdogo awe msimamizi wa mirathi na akaenda kuthibitishwa mahakama ya mwanzo. Sisi watoto tulikuwa wadogo, mimi nipo darasa la sita, mama hakuwa mtu wa kufuatilia makaratasi, basi mambo yakaenda hivohivo.

Kuna nyumba na shamba la mikorosho, tena mikorosho ya kueleweka. Miaka yote hii msimu ukifika baba mdogo anaokotesha, anapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa jina lake, mnada ukilipa sisi tunaletewa mchele na hela ya sare. Safari hii tumemuuliza vizuri tu kwa adabu, akajibu mirathi ilishafungwa zamani, kila mtu alipewa chake na shamba mahakama ilimpa yeye. Karatasi? Eti mchwa walikula.

Nikaenda mahakamani kwenyewe kuomba nakala. Kijana wa pale mapokezi akaniuliza namba ya shauri, nikamwambia sina, najua mwaka na jina la marehemu na la msimamizi, akasema dada bila namba hapo ni kazi, mafaili ya zamani yako stoo hayamo kwenye kompyuta, njoo baadae. Hiyo baadae ndo mpaka leo.

Sasa naomba kujua, faili la zamani hivo linatafutwaje kama namba huna? Mtoto wa marehemu ambaye hakuwa ameandikwa kwenye kesi anaruhusiwa kuomba? Na ni karatasi gani hasa niombe maana nikisema tu "naomba faili" naona wananishangaa.

Ngongo Stendi

Dada mbona rahisi hiyo, mtoe dogo hela ya maji atazama stoo jioni kesho unapewa kopi yako. Tusidanganyane, hii ndo bongo.

Mzee wa Masjala

Binti, huyo wa juu muache na stendi yake. Kopi iliyochomolewa stoo jioni haina mhuri wala saini ya mtu yeyote, ukiipeleka mbele ya hakimu inakuwa karatasi ya kufungia karanga na aliyekupa atakukana mchana kweupe. Mimi nimestaafu, nimekula mavumbi ya masjala za mikoa hii miwili kwa muda mrefu, nakwambia kitu ninachokijua.

Kwanza ondoa kichwani habari ya stoo. Faili la zamani halitafutwi kwenye mashelfu, linatafutwa kwenye rejesta. Mahakama ya mwanzo ina madaftari yake, la jinai, la madai, na mirathi nayo ina la kwake, shauri likifunguliwa linaandikwa pale kwa mkono, namba, tarehe, mwombaji, jina la marehemu, na mwisho wa mstari limeishaje. Kwahiyo ukirudi usiseme "naomba faili la baba", sema "naomba niangaliziwe rejesta ya mirathi ya mwaka 2009". Karani yeyote akisikia hivo anajua huyu ameelekezwa. Kama 2009 hamna waangalie na 2010, kikao cha ukoo kinaweza kukaa leo na watu wakafika mahakamani mwaka unaofuata, nauli ikipatikana.

Halafu majina. Sisi watu wa kusini majina yetu karani anayaandika anavyoyasikia, na karani mwenyewe pengine katokea Bukoba. Mtu anaitwa Nchopa anaandikwa Mchopa, Nnali anakuwa Mnali, na kuna wanaoandikwa kwa jina la ubini tu. Baba yako kama alikuwa anajulikana kwa jina la kazini na jingine la nyumbani tafuta yote, na tafuta kwa jina la baba yako mdogo pia maana yeye ndo mwombaji.

Lakini kabla hata hujarudi huko, nimesoma umesema marehemu alikuwa mwalimu. Mwalimu akifa yako mafao, na mafao hayatoki mpaka msimamizi apeleke fomu ya usimamizi kutoka mahakamani, ile tunaiita fomu namba 4, na juu yake imeandikwa namba ya shauri. Wakati ule walimu walikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, ambao tangu 2018 umeunganishwa kwenye PSSSF. Nenda ofisi ya PSSSF, pia nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri aliyokuwa anafanyia kazi, faili lake binafsi la utumishi huwa lina kopi. Benki alikopitishia mshahara nao walitaka fomu hiyohiyo. Mchwa wa baba yako mdogo hawawezi kuwa wamefika ofisi zote hizo.

Ukishakuwa na namba andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeiongoza mahakama hiyo. Jieleze wewe ni nani wa marehemu, taja namba, majina, mwaka, na sababu ya kuomba. Mtoto wa marehemu ni mnufaika, huna haja ya kuwa uliandikwa kwenye maombi. Ambatisha kopi ya cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba na kitambulisho cha NIDA. Barua itoe nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe halafu urudi nayo nyumbani. Hiyo yenye mhuri ndo itunze, maana kuanzia hapo hakuna mtu wa kukuambia njoo baadae kwa mdomo, utauliza "barua yangu ya tarehe fulani imefikia wapi" na hakimu mwenyewe ataiona. Malipo ya nakala yakiwepo unapewa kontroli namba unalipa kwa simu au kwa wakala, risiti inakuja. Hela ya mkononi hapana.

Binti wa Ticha

Shikamoo mzee. Hii ya PSPF na afisa utumishi haikuwahi kunijia kabisa, nashukuru sana. Ila kwenye barua niombe nini na nini? Au niandike tu jalada zima?

Nanyumbu Original

Mimi naongeza kidogo kwa yaliyotukuta sisi. Kesi ya babu ya zamani tumeitafuta Mangaka, makao ya wilaya yetu ya Nanyumbu, weeee hamna kitu, tukaja kushtuka wakati ile kesi inafunguliwa Nanyumbu haikuwa wilaya, tulikuwa Masasi. Kwenda Masasi ipo. Na Tandahimba nayo ni hivohivo, ilimegwa Newala, kwahiyo kesi ya zamani ya kijiji cha Tandahimba usishangae kuambiwa nenda Newala. Dada angalia wilaya yenu imegawanywa lini na hiyo mahakama ilikuwa chini ya nani mwaka huo.

Kingine, uliza kama kuna mtu alikata rufaa. Rufaa ikikatwa faili halisi linapanda nalo, linaenda mahakama ya wilaya, likiendelea linapanda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara maana Lindi na Mtwara wote kanda yetu moja. Likishapanda kushuka ni mpaka mtu alikumbuke. Unakuta mahakama ya mwanzo wanasema halipo na kweli halipo, limekaa kabatini Mtwara hapo, na wewe unaishi Mtwara hapo hapo.

Mikindani Beach

Si aingie TanzLII tu, ile tovuti ya hukumu? Kule hukumu zipo bure kabisa unasachi jina inakuja unadaunlodi, sio mpaka upande basi.

wakili_wa_mtaani

@Mikindani TanzLII ni nzuri na kila mtu aijue, ni ya Mahakama yenyewe na ni bure, ila unachokuta kule zaidi ni maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, ikiwemo kanda yetu ya Mtwara. Mirathi ya mahakama ya mwanzo ya 2009 iliyoishia hukohuko huipati. Faida yake kwa huyu dada ni hiyo aliyoisema Nanyumbu, asachi jina la baba mdogo na la marehemu, kama kuna uamuzi wa Mahakama Kuu utatokea na humo ndani ya uamuzi namba ya shauri la chini huwa inatajwa. Ajiandae tu maamuzi ya zamani ya juu mengi ni ya Kiingereza, Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kisheria ni tangu 2021. Ya mahakama ya mwanzo yenyewe ni Kiswahili, kaandika hakimu kwa mkono, na mwandiko wa mahakimu wengine ni kama wa madaktari.

Sasa swali la Binti, uombe nini. Ukiandika "jalada zima" watakuuliza tena, kwahiyo taja. Kuna fomu namba 1, hiyo ndo maombi ya baba yako mdogo, humo aliandika warithi ni nani na mali ni zipi, nina hamu kujua kama majina yenu yamo. Kuna muhtasari wa kikao cha ukoo. Kuna fomu namba 4 ya kuteuliwa. Kuna fomu namba 5 ambayo ni orodha ya mali na madeni, na fomu namba 6 ambayo ni hesabu, yaani alikusanya nini akagawa nini kwa nani. Na uombe mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyofanyika mahakamani siku kwa siku, pamoja na uamuzi kama ulitolewa.

Kwenye hizo zote macho yako yawe 5 na 6. Kwa kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo msimamizi anatakiwa apeleke fomu namba 5 ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, labda mahakama imuongezee muda, halafu hesabu anapeleka kwa vipindi mahakama itakavyopanga. Mirathi inafungwa pale hesabu zimepokelewa na mahakama ikaridhika. Mtu kusema "ilishafungwa" kwenye baraza la nyumba sio kufungwa. Kama kwenye jalada kuna fomu 4 na baada ya hapo ni ukurasa mtupu, basi mirathi ya mzee wako iko wazi tangu 2009, baba mdogo bado ni msimamizi na sio mwenye shamba, na mahakama ileile iliyomteua inaweza kumuita atoe hesabu, ikiona hafai inamuondoa inaweka mwingine.

Kama zimo na mirathi ilifungwa kweli, hapo njia inabadilika. Mahakama ya wilaya ina uwezo wa kuitisha jalada la mahakama ya mwanzo na kulipitia, lakini dirisha lake ni miezi 12 tangu shauri liishe, na hiyo ilishapita siku nyingi. Ndo maana nasema usianze kumfungulia mtu kesi baraza la ardhi kwa hasira kabla hujaona karatasi. Nimeona watu wamekimbilia baraza la ardhi na kitu cha mirathi, wamezunguka miaka, mwisho wanaambiwa rudini mlikotoka.

mama korosho

Samahani nadandia hapahapa. Mimi hukumu yangu ya madai mahakama ya mwanzo imetoka wiki jana nimeshindwa, nataka kukata rufaa, nimeomba nakala naambiwa inachapwa. Kuna mtu kaniambia tulia, siku hazihesabiwi mpaka upewe nakala. Ni kweli?

Mikindani Beach

Kweli mama, siku za kusubiri nakala zinatolewa, sheria ya ukomo inasema hivo.

wakili_wa_mtaani

Hapana mama, usitulie! Kwa rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo kwenda wilaya una siku 30 tangu siku ya uamuzi, na kuambatisha nakala ya hukumu sio sharti. Na kwa kuwa nakala sio sharti, Mahakama ya Rufani imeshasema huwezi kujificha kwenye "nilikuwa nasubiri nakala". Peleka sababu zako za rufaa ndani ya hizo siku 30, jalada wataliitisha wenyewe.

Anachosema Mikindani ni cha kesi zinazoanzia juu ya hapo. Mfano ukishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenye kesi iliyoanzia palepale, rufaa ni Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na pale nakala inahitajika, kwahiyo siku ulizokuwa unazisubiri zinatolewa kwenye hesabu. Ndo maana barua yenye mhuri aliyoisema mzee ina thamani kubwa, bila barua utathibitishaje uliomba lini? Na ukienda mpaka Mahakama ya Rufani ni kali zaidi, barua ya kuomba mwenendo uiandike ndani ya siku 30 za uamuzi na kopi umpelekee mpinzani wako, ukisahau kumpelekea kinga ya siku imeondoka.

mama korosho

Mungu wangu. Kesho asubuhi nipo huko. Ahsante.

Ngongo Stendi

Haya wasomi, mfano rejesta imeonekana, namba ipo, stoo faili hamna. Hapo barua yenye mhuri inasaidia nini

Mzee wa Masjala

Swali zuri hilo, leo umeamka vizuri. Faili likikosekana omba mahakama ikujibu kwa maandishi kwamba limetafutwa na halijaonekana. Wengi hawaombi hicho, wanasikia "halipo" wanarudi nyumbani kulia. Ukiwa na jibu la maandishi unapanda nalo kwa Hakimu Mfawidhi wa wilaya, na ikibidi kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu hapo Mtwara, unaomba jalada liundwe upya. Kuunda upya maana yake kila aliyekuwa na kopi anaileta, wadaawa, PSSSF, benki, halmashauri, kijiji, pamoja na ule mstari wa kwenye rejesta, jalada jingine linafunguliwa badala ya lile. Nimeshuhudia likifanyika. Linachosha ila linafanyika.

Na kama kuna mtu anataka hela ndo atafute faili, TAKUKURU ni 113, simu ya bure. Kwa maadili ya mahakimu ipo kamati ya wilaya, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Ila mimi binafsi naanza na mfawidhi, mara nyingi hata hajui kinachoendelea pale dirishani kwake.

Nanyumbu Original

Na asiye na hela ya wakili atafute wasaidizi wa kisheria, kila wilaya huku wapo, ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri wanawajua. Wanakuandikia barua vizuri kabisa, sisi walituandikia.

Binti wa Ticha

Wakuu nimerudi. Afisa utumishi alikuwa muungwana sana, faili la baba lipo na kopi ya fomu namba 4 imo, namba ya shauri inasomeka vizuri. Nikaandika barua kama mzee alivyosema, nakala mbili, hakimu mfawidhi mwenyewe akaisoma mbele yangu akamuita karani, rejesta ikafunguliwa, jina la baba limekosewa herufi ya mwanzo kama ulivyosema mzee, ila la baba mdogo liko sawa. Faili limeonekana. Nimelipia kwa kontroli namba na nakala zimegongwa mhuri, ninazo mkononi.

Sasa humo ndani. Fomu namba 1 ipo, sisi watoto wote tumeandikwa warithi, na shamba limeandikwa kabisa ni mali ya marehemu pamoja na nyumba. Muhtasari wa kikao upo. Fomu namba 4 ipo. Namba 5 hamna, namba 6 hamna, mwenendo unaishia siku aliyoteuliwa. Nimegeuza hizo karatasi mbele na nyuma mpaka karani akacheka.

wakili_wa_mtaani

Umemaliza kazi ngumu. Mirathi haijafungwa. Andika barua nyingine kwa mahakama hiyohiyo, namba ileile ya shauri, mueleze kwamba msimamizi aliteuliwa tarehe hiyo, hajawasilisha orodha wala hesabu, mnaomba aitwe. Msaini wanufaika wote, sio wewe peke yako, maana akisimama pale kitu cha kwanza atasema ni "huyu mmoja tu ndo mkorofi". Na usiombe shamba kwenye barua hiyo, omba hesabu kwanza. Uliza na pale AMCOS kumbukumbu za mauzo ya misimu iliyopita, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kila mzigo una karatasi, akiambiwa alete hesabu itajulikana kilo ni ngapi.

Binti wa Ticha

Sawa wakili. Kaka yupo Dar anaweza kusaini akatuma? Na je baba mdogo atajua kabla?

wakili_wa_mtaani

Asaini hadkopi atume kwa basi, ile ya picha ya simu usiitumie. Na atajua, atapelekewa samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani.

Mzee wa Masjala

Binti, sheria umeshapewa, mimi nakuongezea la nyumbani. Samansi isimkute hajui. Mtume mtu mzima wa ukoo, shangazi au yeyote aliyekaa kile kikao cha 2009 ambaye bado yupo, akamwambie watoto wameshaona jalada. Wengine wakisikia hivo tu wanaomba mkae mgawane bila kwenda mbele ya hakimu.

Binti wa Ticha

Shangazi yupo Mtama na jina lake limo kwenye muhtasari. Jumamosi naenda kwake na nakala.

wakili_wa_mtaani

Nenda na kopi, zenye mhuri acha nyumbani. Na wakikubaliana lolote liandikwe, wasaini, halafu lipelekwe mahakamani liingie kwenye jalada hilohilo, msije mkaanza tena habari za mchwa.